Flash ya Jirani Inakaa Kwanza pa Baraza

Nyinyi vijana munakujaka kuniona pa parsele yangu, hapa nyumbani, munakaa, munakunywa chai yangu, kisha munauliza swali ileile: "Muzee, antivirusi gani iko muzuri kupita zote?" Nitajibu hapa kwa wote pamoja, ili chai yangu nayo ipumzike kidogo. Swali yenu iko mubaya. Mutu akitoka hospitali malaria imeisha, hamuulize dawa gani iko na nguvu. Munauliza kama kwake kuko chandarua, na kama ile maji yenye kulala nyuma ya jikoni imemwagwa. Ordinatere, ni kusema kompyuta, ni vilevile. Kutoa virusi si kitu, ninaweza kukufundisha kabla ya mvua ya leo kunyesha. Kazi inaanza siku mashine inarudi nyumbani.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine ya primere. Baba akanipa fimbo ya kuchunga ng'ombe, nikaichukua, sikulia. Mambo ya mashine niliisoma na vidole. Mu Bunia waliniita Muzee Turnevisi, sababu pale wengine walipoweka kalamu mu mufuko ya shati, mimi niliweka bisibisi. Wenye kalamu walikuwa wengi. Wenye kujua kitu gani iko ndani ya sanduku, unaweza kuwakalisha wote pa benchi moja, na nafasi inabaki. Sasa macho imechoka, bisibisi ingali mu mufuko. Ni vile.

Kazi nilianzia Niania, kando ya barabara, kwa muzee moja wa Mahagi, jina yake Ukumu. Alitengenezaka radio za washofere. Mutu mugumu. Hakufungua radio mbele hujamusimulia safari yako yote: ulilala wapi, nani aliigusa, uliiweka juu ya nini. Washofere walikasirika. "Muzee, nimeleta radio, sikuja kuungama." Yeye aliendelea kukunywa chai yake. Alisema radio haigonjwe peke yake, iko kila mara mutu pembeni yake.

Kulikuwa shofere moja, radio yake ilikufa, Ukumu akaitengeneza, ikaimba. Lori ikaenda, ikarudi, radio imekufa tena. Akaitengeneza tena. Ikarudi tena. Mara hii muzee hakugusa radio. Alifunga mulango, akapanda mu lori, akaangalia pale radio ilikuwa inakaa. Ilikuwa inakaa juu ya gunia ya samaki ya chumvi. Chumvi ilikuwa inapanda pole pole, inakula nyaya. Muzee akaondoa gunia, akapigilia ubao, akaweka radio juu ya ubao. Shofere akamuuliza sasa anamulipa ya nini, na radio hakuifungua. "Ya kiti," muzee akasema. "Leo nimetengeneza kiti."

Mushike ile maneno ya kiti. Nitairudia.

Ordinatere zilipoanza kuingia mu nyumba za watu hapa Bunia, wenzangu wa radio walisema ile ni kitu ya wenye diploma. Mimi nikasema sanduku ni sanduku. Na kweli, miaka ile kila ugonjwa watu waliita virusi. Mama moja aliniletea mashine, analia virusi imeingia. Nikafungua: mende, familia nzima, pamoja na mayai. Nikamwambia ndiyo Mama, virusi yako hii iko na miguu, na imezaa. Alicheka mpaka akasahau kuuliza bei.

Lakini virusi ya kweli nayo ilikuja, na hapa kwetu ilipanda juu ya flash, ile kifaa ndogo ya kubeba dosie. Mu inchi zingine inapita mu koneksio ya interneti. Siye koneksio iko gali, mega inaisha mbele ya kuku kuamuka, basi tunapeana vitu mukono kwa mukono: nyimbo, picha za harusi, filme, hata barua ya paruasi. Flash inazunguka mu quartier sawa makaa ya moto. Unakuja kwa jirani na kipande ya chungu, anakupa kaa moja, unaenda kuwasha kwako. Nani ananyimaka moto?

Sasa nisimulie Dorika.

Dorika ni binti ya wafugaji waliotoka Kpandroma wakati ya matatizo. Sasa wanakaa Mbunya, quartier ya hapa Bunia. Baba yake tunamuita Papa Dorika, mama yake Mama Dorika, na kwa ile munaweza kujua nani ni mukubwa mu nyumba. Alinifikia juu ya moto, ni kusema pikipiki, ordinatere imefungwa mu kikwembe, ameikumbatia sawa mutoto mwenye homa. Motari Dieudone, jirani yao, alikuwa anaendesha polepole, ile Dieudone hafanyake.

"Papa, virusi imekula TFC yangu."

Kama weye haukusoma, mimi vilevile, lakini TFC ninaijua: ni ile kazi ya mwisho mwanafunzi anaandika, anaidepoze, anaipeleka pa chuo, njo anamaliza masomo. Bila kudepoze, mwaka imeanguka. Siku ya mwisho ilikuwa juma tatu yenye ilikuwa inafuata. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe zake za mwisho kwa masomo ile. Mwaka ingine hakukuwa tena ng'ombe ya kuuza. Njo maana ya lile kumbatio.

Nikamuuliza imekula vipi. Akasema dosie zote zimegeuka picha ndogo zenye mushale, ukibonyeza hakuna kitu.

"Kopi iko wapi?"

"Kopi ya nini, Papa?"

Nikawasha mashine. Iko saa ya kugombeza, na iko saa ya kufanya kazi.

Musikilize, ile virusi ya mishale haikule kitu. Inakamata kuku, inamufunika na kitunga, kisha inachora picha ya kuku juu ya kitunga. Weye unabonyeza picha. Kila mara unabonyeza, unamufungulia virusi mulango tena. Kuku iko palepale chini, muzima. Wale wanakimbia kuformate, ni kusema kufuta kila kitu, wanachoma kitunga pamoja na kuku. Nimeona wengi. Walikuja kisha kuniuliza kama ninaweza kufufua.

Nikatoa kwanza maandishi pembeni, maandishi tu, hakuna programu hata moja. Kisha nikasafisha. Kisha nikaondoa kitunga. TFC ikatoka yote, na meza zake na picha za kupe, sababu alikuwa ameandika juu ya ugonjwa wa ndama kule juu Kpandroma. Dorika akalia sasa, mbele hakulia. Nikamupa mashauri pa mulango: usiingize flash ya mutu, badilisha maneno ya siri yote, lakini juu ya mashine ingine yenye iko safi, lete miz-a-jur, ni kusema ile dawa mupya watengenezaji wanatuma kuziba matundu. Akasema, "Ndiyo, Papa." Ile ndiyo ninaijua. Ni ndiyo ya mutu mwenye mwili yake iko kwako, na mutima imekwisha kufika nyumbani.

Siku ya ine ya juma, alhamisi, nikamuona Papa Dorika anakuja kwa miguu, na fimbo yake. Akakaa. Akauliza habari ya bibi yangu, ya macho yangu, ya mbuzi zangu. Nikajua iko jambo, sababu mutu mwenye hana jambo haulize mbuzi.

Mwisho akasema, "Mashine imegonjwa tena. Mutoto halali, hakule. Muzee Turnevisi, uliiponya nusu."

Nikamujibu mashine ilitoka kwangu safi. Ninasema ile mpaka leo, na mwenye anabisha aje. Papa Dorika hakubisha. Alizungusha fimbo mu mukono.

"Ilitoka safi, naamini. Basi kuja unionyeshe ni kitu gani iko kwangu."

Pale nikakumbuka gunia ya samaki ya chumvi. Nikasimama, tukaenda.

Sikugusa mashine. Niliomba kiti, nikakaa pa baraza, nikaangalia. Ile njo kazi, vijana. Nyinyi mukifika kwa mutu munakimbilia kubonyeza bouton. Mukae kwanza. Muangalie nani anaingia.

Ordinatere ilikuwa mu salon, ile chumba ya wageni, juu ya meza yenye kitambaa Mama Dorika alishona mwenyewe, maua nyekundu. Wako na pano ya jua na batri nzuri, basi mu avenue ile yote ni kwao tu skrini inawaka muchana. Na mashine ilikuwa imetoka hospitali. Munajua desturi yetu: mutu akitoka hospitali hamumuache arudi kimya. Munaenda kumuona. Basi watu walikuwa wanakuja kuona ordinatere.

Wa kwanza alikuwa Mama Esta wa kwaya, flash imening'inia pa shingo sawa rozari. "Kumbe imepona. Bwana asifiwe. Mama Dorika, pole. Basi utupatie zile nyimbo za Pasaka." Mama Dorika, toka jikoni, mikono mu unga: "Ingiza tu, dada." Kisha Dieudone, yeye wa moto, akasema yeye njo alibeba mugonjwa, yeye iko na haki ya filme. "Ingiza tu, mwanangu." Kisha binamu ya Dorika ametoka Kpandroma na picha za harusi, anataka kila mutu azione leo. Ingiza tu. Dorika alikuwa amekaa pembeni na karatasi zake, anaangalia, na mutoto wa nyumba anaweza kusema nini mbele ya wakubwa?

Na muone akili ya ile virusi. Flash zile zote zilikuwa zimepata ugonjwa kwa mashine ile ile, zamani, mbele niisafishe. Jirani walikuwa wanarudisha ugonjwa ya nyumba kwa nyumba, na upole, na Bwana asifiwe.

Nikamuita Mama Dorika pembeni, nikamweleza. Ni mama wa akili, alielewa haraka kupita nyinyi. Lakini aliniuliza kitu.

"Muzee, nikimunyima Mama Esta nyimbo, kesho mbabula yangu ya makaa ikizima, moto nitaomba wapi?"

Ninawaambia kweli, mu vitabu vyenu hakuna jibu ya ile.

Tukingali pale, telefone ya Dorika ikalia. Ilikuwa direktere wake, ule mwalimu mwenye kuongoza kazi yake. Dorika akaweka sauti mukubwa ili tusikie. Mwalimu alikuwa anauliza ni dosie gani Dorika amemutumia mu email asubuhi, na toka lini anamuandikia kwa Kiingereza. Mutu wa akili, hakuifungua. Dorika akajibu hajatuma kitu. Uso yake ikawa sawa majivu.

Nikamuuliza maneno ya siri alibadilisha lini.

"Nilibadilisha, Papa. Siku ileile iligonjwa, mbele nikuletee. Ulisema nibadilishe, nikaona nilikwisha kufanya."

"Juu ya mashine gani?"

"Ile ile."

Vijana, hapa munyamaze kidogo mufikiri. Virusi zingine hazikuje kuharibu, zinakuja kukaa na kuangalia vidole yako. Mwizi amekaa pa kitanda yako, weye mbele yake unabadilisha kufuli, tena unamuonyesha funguo mupya. Kisha ninakuja, ninafukuza mwizi, ninafagia, lakini funguo ameenda nayo. Anafungua email yako akiwa mu inchi hata haujue jina yake. Kusafisha nyumba hakurudishe funguo. Na neno lenyewe lilikuwa nini? Jina ya ndama yake ya kwanza. Ndama ile, alipokuwa mudogo, aliiitaka mpaka mulima ya ngambo inaitikia. Kpandroma yote inajua neno ya siri ya Dorika.

Mimi nikatoa hukumu: toka leo hakuna flash ya mutu inaingia hapa. Mama Dorika akaniangalia vizuri.

"Basi andika ile pa mulango, Muzee. Kisha ulete mukeka yako, ukae hapa uwafukuze weye mwenyewe."

Dorika alikuwa anahesabu siku mpaka juma tatu, niliona mudomo inatembea. Pale njo Papa Dorika akapiga fimbo chini kidogo.

"Mama Dorika. Ng'ombe niliyonunua soko, uliwahi kuniona naiingiza mu zizi siku ile ile?"

"Hapana."

"Ile shemeji yako alituletea ya mahari, niliiweka wapi?"

"Pembeni."

"Alikasirika?"

"Ng'ombe haiimbe kwaya, Papa Dorika. Nyuma ya flash kuko mutu."

"Nyuma ya ng'ombe ya mahari pia kulikuwa mutu, na alikuwa anakula kwangu. Mimi sikuifukuza. Niliifungia pembeni, nikaipa majani, nikaipa maji, nikaangalia kupe mu masikio, nikasikiliza kikohozi. Ile ya pembeni nayo inakula."

Dorika akaanza kucheka, ile kicheko ya mutu mwenye hajalala. "Papa, ile iko mu TFC yangu. Mashauri kwa wafugaji. Niliandika mimi mwenyewe."

"Uliandika maneno yangu," baba yake akasema. "Haukuyafuata."

Mimi nilichunga ng'ombe mbele nishike bisibisi, na ile desturi niliijua toka utoto. Lakini njo yeye alisema ile siku, na alisema vizuri. Wengi wetu tunasema tu: kataza, funga, fukuza. Yeye alisema: wapatie majani, lakini pembeni.

Basi nikatuma Dieudone kwangu, aniletee mashine moja ya zamani ilikuwa inakula vumbi. Nikaondoa kila kitu, nikaweka mufumo mwingine wa kuendesha mashine, ile ya bure, virusi ya mishale haijue hata mulango yake iko wapi. Koneksio hakuna. Neno ya siri hakuna. Kitu ya kuiba hakuna. Nikaiweka pa baraza, juu ya meza ndogo, na waya moja ya batri. Mama Dorika akaona inakaa bila nguo, akaleta kitambaa, maua ya kijani. Nyimbo za Pasaka zikaenda pale, filme pale, harusi ya binamu pale. Mama Esta akaja, akakaa, akasema afazali, mu salon kulikuwa joto.

Mashine ya salon nikaifanya upya. Mara hii niliformate, ndiyo, lakini nilikuwa nimetoa TFC kwanza, na niliifungua pa ile ya baraza nikaangalia iko nzima. Ugonjwa ikirudi mara ya pili hauamini tena kufagia, unabomoa na kujenga. Nikafanya ndani yake mulango mbili, ni kusema akaunti mbili. Moja ya mwenye nyumba, yenye kuweza kuingiza programu, neno yake wanaijua Mama Dorika na Dorika tu. Ingine ya kila siku, ya kuandika na kuangalia, haina nguvu ya kuingiza kitu. Virusi ikiingia kwa mulango ya kila siku, inakuta imefungwa mu koridori. Mu nyumba nyingi ninaona kila mutu, mupaka mutoto wa kucheza, anaingia na funguo ya mwenye nyumba. Kisha munashangaa.

Niliondoa pia programu moja binamu alikuwa ameleta, ya kuiba, bila kulipa. Ile programu, mbele ya kuingia, ilikuwa imesema "zima kwanza antivirusi." Na walizima. Mugeni anakuambia umulaze mulinzi ndipo aingie, weye unamulaza, unamufunika na blanketi. Na kwa wale wangali na swali yao: antivirusi niliacha ile ilikuja na mashine, moja tu, ikiwa macho, na miz-a-jur yake. Ukiweka mbili zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na mwizi anapita katikati.

Maneno ya siri tulibadilisha kwangu, juu ya mashine yangu. Neno ndefu, maneno mingi yenye hayajuane, na kila mulango na yake. Tukaweka na ile namba inakuja mu telefone mbele ya kufungua. Kisha nikamuonyesha kitu wengi hawaangalie: ndani ya email, kule mu mipangilio, mwizi alikuwa ameacha amri ndogo, kila barua yenye kuingia ipelekwe kopi kwake. Ungebadilisha neno mara mia, angeendelea kusoma. Tukaikata. Dorika akaandikia watu wote wenye walipata barua ya Kiingereza, akawaambia wasifungue. Ile nayo ni kazi. Ukipata ugonjwa ya kuambukiza, unawaambia wale ulikula nao.

Kopi ya TFC tuliweka mu flash mupya. Papa Dorika akaifunga uzi nyekundu. Kwao ng'ombe inakatwaka alama pa sikio, mutu asiseme hakujua ni ya nani. Ile ya uzi haiende mahali. Inalala kwa shangazi yao, upande mwingine wa muji, mbali na mashine. Moto ikichoma nyumba, mwizi akibeba mashine, maandishi iko kwa shangazi. Ile kufunga uzi mimi nilikuwa siifanye. Tangu siku ile ninaifanya, na nimeifundisha.

Ikabaki jambo moja, na ndani ya ile nimeona wengi wanaanguka karibu ya mulango. TFC lazima itoke juu ya karatasi. Na karatasi inatokea pa sekretaria, ile nyumba ndogo ya kupiga maandishi na fotokopi. Vijana, hakuna soko ya ng'ombe chafu mu Ituri kupita ordinatere ya sekretaria wiki ya kudepoze. Wanafunzi wote wanaingiza flash mahali pamoja. Nilimwambia Dorika: chukua flash ingine, weka ndani kopi moja tu, ile yenye kufungwa isibadilishwe. Ile flash ni ng'ombe ya kwenda soko. Inatoka. Hairudi mu zizi.

"Ndiyo, Papa," akasema. Safari hii ndiyo yake ilikuwa ingine.

Juma tatu Dieudone akamubeba asubuhi, sasa akiendesha vile anazoeaka. Mimi nikaenda Mbunya saa ya chakula, nikasema ninapita tu. Papa Dorika alikuwa pa baraza na fimbo, naye alikuwa anapita tu, kwake mwenyewe. Mama Esta alikuwa mbele ya mashine ya baraza, amevaa vile vya kusikilizia mu masikio, anaimba sauti ya pili peke yake, anasumbua avenue. Hakuna mutu alisema neno TFC.

Tulisikia moto ya Dieudone mbele ya kuiona. Dorika akashuka, karatasi ya kupokelewa mu mukono, muhuri juu yake. Wamepokea. Baba yake aliichukua, akaigeuza, akaangalia muhuri muda murefu. Kusoma hajue sana, lakini muhuri anaijua. Kisha akaingia ndani peke yake, na hatukumufuata.

Dorika alikuwa anaruka. Wenzake walimupa picha, wote wamesimama mbele ya chuo, na karatasi zao juu ya kichwa. Picha ziko mu flash, ile ya kwenda soko. Anataka mama azione pa skrini mukubwa, sasa hivi, mbele bukari, ule ugali, haijaiva. Akakimbia mulango ya salon.

Mama Dorika alikuwa amesimama ndani ya mulango, mwiko mu mukono, bukari inatiririka.

"Dorika. Ile flash imelala wapi?"

"Mama, ni yangu."

"Sikuuliza ni ya nani. Nauliza imelala wapi."

Dorika akaangalia flash mu mukono yake, sawa mutu anaiona mara ya kwanza. "Pa sekretaria," akasema.

"Basi ikae kwanza pa baraza."

Mama Esta akatoa vile vya masikio, akasogea pa benchi, akapiga na mukono ile nafasi pembeni yake. "Kuja, mwanangu," akasema. "Huku tunakaribishwa siye wote."